Gari la Umeme, Luku ya Uani na Uniti 75

Tangu majirani wajue kwamba gari ninaloendesha halinywi petroli, swali ninaloulizwa kuliko yote si la kasi yake wala la bei niliyolinunulia. Naulizwa: "Dokta, hilo gari linakula Luku kiasi gani?" Ni swali la maana, na anayeliuliza hutarajia namba moja. Namba moja haipo. Jibu linategemea ni Luku ya nani, na hapo ndipo suala linapoacha kuwa la ufundi likawa la siasa, kwa ile maana pana ya neno hilo: nani anapata nini, na nani anakilipia.

Wenzetu wa Uingereza wanapolizungumzia jambo hili hutumia lugha ya sokoni. Huko kampuni zinazouza umeme majumbani ni nyingi, na kila moja ina vifurushi vyake: bei moja usiku na mchana, bei ya mchana na ya usiku zikiwa mbalimbali, hata bei inayobadilika kila nusu saa. Tangu 1978 walikuwa na mpango ulioitwa Economy 7, uliowapa wateja saa saba za umeme nafuu usiku. Sababu yake ilikuwa kwamba mitambo mikubwa ya makaa ya mawe na ya nyuklia haizimwi na kuwashwa kama taa ya chumbani, na umeme wake wa usiku wa manane ulikosa wanunuzi. Wakati huo walikusudia umeme huo upashe joto nyumba na maji ya kuogea. Magari ya umeme yalipokuja, yaliikuta bei ya usiku imekwishazoeleka. Basi mwenye gari huko hukaa mezani na karatasi yake, akalinganisha, akachagua, na kisichompendeza akakihama.

Huku Tanzania Bara msambazaji mkubwa ni mmoja, TANESCO, na bei hupangwa na EWURA. Mteja wa nyumbani hachagui kifurushi. Hupangiwa kundi kulingana na matumizi yake. Kwa agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, makundi yanayomgusa mtu wa kawaida ni mawili. La kwanza ni D1, la wateja wa majumbani ambao wastani wa matumizi yao ni uniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350. La pili ni T1, la matumizi ya jumla, nyumba na biashara ndogondogo kwa pamoja, ambalo ni shilingi 292 tangu uniti ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, ile 100 inakuwa 122, ile 350 inakuwa 427, na ile 292 inakuwa 356 na senti 24. Ndiyo maana mtaani husikii mtu akitaja D1 wala T1. Watu husema "umeme wa mia moja ishirini na mbili" na "umeme wa mia tatu hamsini na sita", na kila mmoja anajua yuko upande gani wa mstari huo.

Mstari wenyewe haukushuka kutoka mbinguni. Kabla ya 2014 ulikuwa kwenye uniti 50. Ukasogezwa hadi 75, na bei yake nayo ikapanda. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku: balbu, runinga, redio, simu za nyumba nzima, na jokofu dogo likitumiwa kwa nidhamu. Aliyeuchora mstari huo alikuwa na picha ya kaya fulani kichwani mwake, na katika picha hiyo hapakuwa na chombo chenye magurudumu.

Sasa nije kwenye gari. Ni Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, lililokwishatumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Betri yake ilipokuwa mpya ilibeba uniti 24. Nikipima kuanzia kwenye soketi, maana sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, linatumia uniti 18 hivi kwa kilomita 100. Safari zangu za kwenda kufundisha na kurudi, pamoja na mizunguko ya mwisho wa wiki, ni kilomita 1,000 kwa mwezi. Hizo ni uniti 180. Kwa umeme wa 356 na senti 24, ni shilingi 64,123. Gari nililokuwa nalo awali lilikwenda kilomita 10 kwa lita. Lingehitaji lita 100 kwa mwendo huohuo, na hata tukiifanya lita moja kuwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, ni laki tatu.

Namwomba msomaji aishike tofauti hiyo mkononi tunapoendelea. Mwenye gari la umeme ameshinda kabla hajaanza kuchagua chochote. Chini ya kundi la bei ya juu kabisa ambalo nyumba yake inaweza kupangiwa, bado anaokoa zaidi ya laki mbili kila mwezi. Tunapobishana kuhusu bei ya kuchajia magari nyumbani, tusibishane kana kwamba tunamwokoa huyo.

Kwangu kuna mita mbili. Nyumba kubwa iko T1 kwa miaka mingi, na ni haki yake: kuna jokofu, pasi, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi na watoto wasiozima taa. Uani kuna vyumba vitatu vya wapangaji wenye Luku yao. Chumba kimoja anakaa mama ambaye mtaa mzima unamwita Mama Barafu, kwa sababu anagandisha barafu na juisi ya ukwaju kwenye jokofu dogo na kuwauzia wanafunzi. Cha pili ni cha mwalimu wa shule ya msingi. Cha tatu ni cha kijana dereva wa bajaji. Wanachanga kila mwezi kwa utaratibu wao, Mama Barafu akichanga zaidi kwa sababu ya jokofu, na matumizi yao ya pamoja huwa uniti 68 hivi. Wako D1. Wanaulinda mstari wa 75 kama watu wanaolinda mlango: mwalimu huandika namba za mita kwenye daftari kila Jumapili, na ikifika tarehe 25 uniti zikiwa zimekimbia, pasi haiguswi hadi mwezi uandame.

Gari linalala chini ya mwembe, ubavuni mwa uani. Kutoka swichi kuu ya uani hadi hapo ni mita nne. Kutoka swichi kuu ya nyumba kubwa, ukizungukia ukuta na tangi la maji, ni mita 36. Fundi umeme alipopima alinitazama kama mtu anayemhurumia msomi. "Dokta, tuvute hapahapa uani. Kule tutakula waya bure." Kwa hesabu ya waya alikuwa sahihi. Gari linavuta kilowati 3 kwa muda mrefu mfululizo, si kama pasi inayowaka na kujizima. Linahitaji laini yake yenyewe, waya mnene na sakiti breka yake. Waya huo haununuliwi kwa bei ya kamba ya kuanikia nguo. (Wanaochaji kwa ekstensheni ya dukani iliyopitishwa dirishani, naomba usiku mmoja waishike ile soketi kwa kiganja baada ya saa moja. Itawaeleza yenyewe.)

Lakini tuifuate hesabu ya fundi hadi mwisho. Ningevuta uani, mwezi wa kwanza mita ile ingesoma uniti 248. Uniti 75 za mwanzo zingelipiwa 122, na 173 zilizobaki 427 kila moja. Jumla shilingi 83,021. Ajabu ni kwamba kiasi hicho ni kidogo kuliko kama uniti zote 248 zingelipiwa kwa bei ya T1. Ukipiga hesabu utaona kwamba mteja wa D1 anayezidisha matumizi huendelea kupata nafuu hadi anapokaribia uniti 323. Ndiyo sababu D1 inahesabiwa kwa wastani. Anayezidisha mara moja kwa sababu ya msiba au harusi ni jambo la kuvumilika, ila anayezidisha kila mwezi si mtumiaji mdogo tena, na kundi lake linabadilika. Mita ya uani ingehamia T1.

Na ikishahamia, imehama na watu wake. Uniti 68 za wapangaji, ambazo leo zinawagharimu shilingi 8,296, zingewagharimu 24,224. Ni nyongeza ya shilingi 15,928 kwa mwezi, au 5,300 kwa kila chumba wakigawana sawasawa, na hawagawani sawasawa. Kwa Mama Barafu hivyo ni vipande vingi sana vya barafu. Jambo lililonifikirisha zaidi ni kwamba uaminifu wangu usingesaidia kitu. Ningeweza kulipia uniti zangu zote 180 hadi senti ya mwisho, nikaweka risiti mlangoni, na bado ningekuwa nimewapandishia bei. Mita haina macho ya kuona nani amewasha nini. Inajumlisha tu.

Kuna ushauri wa pili, nao nimeupata kwa wasomi wenzangu, si kwa fundi. Unasema: omba mita nyingine tatu, gawa chaji ya gari kwenye mita hizo, kila moja uniti 60, zote zikae D1. Uniti 180 kwa 122 ni shilingi 21,960. Unaokoa zaidi ya elfu arobaini kwa mwezi, na tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini kwa njia moja ndani ya mita 30 ni shilingi 320,960, kwa hiyo kwa mita tatu fedha yako inarudi ndani ya miaka miwili. Aliyenieleza haya alieleza kwa furaha ya mtu aliyetatua fumbo. Sikuona sababu ya kubishana naye juu ya hesabu. Nilimuuliza tu: ile tofauti kati ya 100 na 292 anadhani inatoka wapi? Haitoki mawinguni. Inalipwa na mashine ya kusaga, na saluni, na fundi wa kuchomelea, na kila aliye T1 na juu yake. Hao ndio wanaombeba bibi mwenye balbu tatu. Mimi nikijipenyeza kwenye foleni ya bibi huyo na gari langu, mwenye mashine ya kusaga ananisukuma kwenda kazini.

Nikanunua mita 36 za waya, na laini ikavutwa kutoka nyumba kubwa.

Ningekuwa naandika kuhusu gari langu tu, ningeishia hapo. Lakini wiki chache baadaye yule kijana wa chumba cha tatu alinisubiri jioni chini ya mwembe. "Shikamoo, Dokta." Alikuwa amepata bajaji ya mkataba, na safari hii ni ya umeme. Mwenye chombo anataka hesabu yake ya kila siku kama kawaida, ila petroli haipo tena, na kijana alikuwa amekwishaona ndani ya kichwa chake kitakachobaki mfukoni. Shida ilikuwa pa kuchajia. "Naomba nichaji uani, Dokta. Mchango wangu wa Luku nitautoa mara mbili, hata mara tatu."

Kabla sijajibu, Mama Barafu alijibu kutoka mlangoni kwake. "Mwanangu, changa hata mara kumi. Hiyo mita ikishapanda, imepanda na mimi na mwalimu. Haitauliza nani ana bajaji."

Hakuna mchumi ninayemjua ambaye angelieleza jambo hilo kwa maneno machache kuliko hayo.

Tukaketi tukapiga hesabu. Bajaji ile inataka uniti 7 hivi kila usiku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 182. Kijana huyu na mimi tunatofautiana kwa uniti mbili! Katika takwimu za umeme sisi ni ndugu mapacha. Barabarani uniti zangu zinambeba mtu mmoja na mkoba wake. Za kwake zinabeba wagonjwa wa zahanati, wanafunzi, wachuuzi na ndoo zao za samaki, kutwa nzima, na zinamlisha yeye na mama yake aliyeko kijijini. Mwalimu, aliyekuwa amenyamaza na daftari lake, aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa kwa nini huyu asilipe mia na ishirini na mbili? Mnyonge si ndiye yeye?"

Hawezi, kwa sababu sheria ya bei haimwoni yeye. Inaiona mita. Kwetu mteja ni kile kisanduku kilichopigiliwa ukutani chenye namba zake, si kaya wala mtu. Kaya tano za vibarua zinazochangia Luku moja katika nyumba ya kupanga huvuka uniti 75 kirahisi, na zote tano hulipa bei ya wenye nafasi. Kijana mmoja mwenye mshahara mnono, anayeishi peke yake katika fleti yenye mita yake, anayekula hotelini na kurudi kulala tu, hulipa bei ya mnyonge. Huyo wa fleti hakufanya kosa lolote, wala aliyepanga ruzuku hakuwa na nia mbaya. Ruzuku iliandikiwa kaya, ikapelekwa kwenye anwani ya mita, na katika miji yetu ya kupanga vyumba, anwani hizo mbili ni nadra kufanana.

Tulichokubaliana ni hiki. Kijana anachaji kwenye laini yangu, sio ya uani. Fundi ameweka mita ndogo ya kupimia kabla ya soketi yake. Kila Jumamosi tunasoma namba pamoja, naye analipa shilingi 356 kwa uniti, bei niliyonunulia mimi, maana mimi si muuza umeme. Anachomeka saa tano usiku, mimi nikiwa nimekwishamaliza au nikimpisha. Mama Barafu ndiye shahidi. Kwa maneno mengine nimekuwa EWURA ya uani: nimepanga makundi, nimetangaza bei, nimeitisha hata taftishi chini ya mwembe. Kwa bei hiyo, bajaji itamgharimu kijana shilingi 64,792 kwa mwezi akitumia uniti zote 182. Anasema inamlipa. Namwamini, lakini sioni kwa nini iwe lazima apangishe kwa mwenye nyumba anayependa hesabu.

Kwa nini saa tano usiku? Hapa pana jambo ambalo sera yetu haijaligusa. Kati ya saa moja na saa nne usiku kila nyumba imewasha kila kitu, transfoma ya mtaa inalemewa, na taa zinafifia kidogo, jambo ambalo kila mkazi wa pembezoni mwa jiji analijua bila kusomea. Gari langu linahitaji uniti 6 kwa siku, yaani saa mbili tu za kilowati 3. Gari lenyewe halijali kama saa hizo mbili zinaanza saa moja jioni au saa nane usiku. Mimi pia sijali. Transfoma ndiyo inayojali. Magari laki moja ya namna hii yakichomekwa saa moja usiku, wamiliki wanaporudi kazini, yatataka megawati 300 kwa pamoja. Mtambo mmoja kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 235. Yakichomekwa kwa zamu usiku kucha, hayatishi mtu.

Lakini hakuna kinachomsukuma mwenye gari asubiri. Luku ya nyumbani inahesabu uniti tu, haiangalii saa: ya saa mbili usiku na ya saa tisa usiku zina bei ileile. Najua hoja ya upande wa pili. Sababu iliyowafanya Waingereza kuuza umeme wa usiku kwa bei ya chini haituhusu moja kwa moja, kwa kuwa bwawa si kinu cha makaa. Maji yasiyotumika usiku hubaki bwawani yakisubiri jioni ya kesho. Hoja hiyo ni ya kweli wakati wa kiangazi. Si ya kweli katika masika kama ile ya 2024, bwawa lilipojaa hadi maji yakabidi kuachiwa. Na hata wakati wa kiangazi haigusi nyaya na transfoma, ambazo tumekwisha kuzilipia na ambazo usiku wa manane zimelala. Bei ya usiku kwetu ingekuwa bei ya nyaya zaidi kuliko bei ya maji.

Majirani wameshaanza. Kenya, katika bei zilizoanza Aprili 2023, iliweka kundi la vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti katika saa za kawaida na 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Rwanda mwaka 2021 iliamua kwamba vituo vya kuchajia vilipe bei ya viwanda. Sisemi tuige namba. Ninachokitazama ni kwamba wote wawili wamelitambua tendo la kuchaji kama tendo la peke yake, lenye bei yake, badala ya kuliacha lijifiche nyuma ya jokofu la Mama Barafu. Na asiniambie mtu kwamba mita zetu haziwezi kubadilishwa. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, mita za malipo ya kabla za mfumo ule unaotumika duniani kote zilipaswa kuboreshwa, kwa sababu hesabu yake ya dakika iliyoanzia 1993 ilikuwa inafika mwisho. Wateja wa Luku waliingiza tokeni zile ndefu za ziada, bibi kwa babu, na nchi haikusimama. Kumfungia mita ya saa yule anayeiomba kwa ajili ya kuchaji ni kazi ndogo kuliko hiyo.

Niseme na lisilonipendeza. Mimi ninayeokoa laki mbili nimetoka pia kwenye mfuko wa barabara. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaja shilingi 100 nyingine kwa lita kwa ajili ya barabara. Kwa hizo mbili tu, zile lita 100 nisizonunua ni shilingi 14,000 kwa mwezi ambazo sizitoi, huku abiria wa daladala akiendelea kuzitoa ndani ya nauli yake. Natumia lami ileile. Siku serikali itakapoliona hilo, na italiona, hofu yangu ni kwamba itakimbilia kwenye Luku, kama ilivyokimbilia mwaka 2021 kwa kodi ya majengo, ambayo sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Luku imekuwa ofisa wa mapato asiyelala wala kuomba posho, na kishawishi cha kumwongezea kazi ni kikubwa. Lakini tozo ya barabara ikipitia kwenye uniti, Mama Barafu atalipia barabara ya gari langu. Afadhali irudishwe ile ada ya mwaka kwa magari binafsi ya umeme, kwa kadiri ya uzito wake, na bajaji ziachwe kwanza. Nitaikumbuka kauli hii nitakapoletewa bili.

EWURA haibadilishi bei bila mikutano ya taftishi, na mikutano hiyo hujaa wawakilishi wa viwanda na wachache wetu wenye muda wa mchana. Itakapoitishwa mingine nakusudia kwenda, na daftari la mwalimu nitaliomba niende nalo. Nitaomba kundi la kuchajia lenye mita yake na bei ya usiku, lianze kwa vyombo vya kubeba abiria. Gari kama langu libaki T1 mchana na lipate nafuu usiku tu, kwa ajili ya transfoma. Nitaomba pia kwamba nyumba yenye wapangaji ihesabiwe vyumba vyake kabla ya kuondolewa D1. Najua nitaambiwa kwamba kuhesabu vyumba ni kazi ngumu. Kwa kodi ya majengo, ghorofa zilihesabika.

Hadi sasa tumefunga mwezi mmoja wa soketi ya bajaji. Kijana ametumia uniti 176 na amelipa shilingi 62,656, Jumamosi kwa Jumamosi, bila kukumbushwa. Mita ya uani imesoma 66. Juzi dereva mwingine, anayepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipita kuulizia kama laini ile ina nafasi kuanzia saa nane usiku. Nimemwambia aje na fundi, tuone kama waya unahimili.